Maji ya Kisima Yalivyonitobolea Laina

Fundi aliinua laina ya silinda ya nne, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, akaielekeza juani, akaniambia nichungulie. Mwanga ulipenya. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama la sindano, lakini ndilo lililopitisha maji hadi oili yangu ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Lori likalala gereji Industrial Area siku kumi na moja. Mteja hakunisubiri.

Dereva simlaumu, hesabu mbovu ilikuwa yangu. Nilijiambia Nairobi hakuna barafu, kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini kisichoganda upesi, ya nini? Taniboi alijaza maji ya kisima, yale ya upande wa Syokimau yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kumbe ukoko huohuo ulikuwa ukijijenga ndani ya rejeta.

Barafu si hoja kwetu. Hoja ni laina. Katika injini nyingi kubwa za dizeli, maji huzunguka laina moja kwa moja, na kila dizeli inapolipuka laina hutetemeka. Mtetemo huo huzaa viputo vya mvuke upande wa maji, navyo vikipasuka hudonoa chuma, safari baada ya safari, mpaka tundu litokee. Kulanti ya malori ina dawa ya kuzuia hilo: nyingine nitriti, nyingine asidi za kikaboni. Dawa hutandika utando mwembamba juu ya laina, ukaumia utando badala ya chuma. Maji matupu hayana utando wowote.

Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lori lililopakia mzigo Mombasa linapanda kutwa nzima, likikaribia huku ambako maji huchemka mapema. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi kama 107 usawa wa bahari, hapa chini kidogo ya hizo, hata kabla ya presha, na kifuniko cha rejeta kikibana vizuri huipandisha zaidi. Kifuniko kilicholegea kibadilishe, bei yake ni ndogo.

Ukienda kununua kulanti kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road utaulizwa, "Ya kijani ama nyekundu?" Usijibu. Rangi huchaguliwa na kila kiwanda kivyake. Geuza mtungi usome mgongoni namba ya kiwango cha ubora: ASTM D6210 ni ya injini za malori, lakini ukiona D3306 peke yake, hiyo ni ya magari madogo. Kisha linganisha na kitabu cha injini yako, maana kitabu ndicho kinachojua pia ikae muda gani kabla ya kumwagwa. Kama imeandikwa iko tayari, usiiongeze kitu. Ile nzito, isiyotiwa maji bado, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri (maji, si asidi!). Kuimimina nzito peke yake ukidhani unaipendelea injini ni kosa, kwa sababu haibebi joto vizuri.

Aina mbili usizichanganye, hata zikifanana rangi. Dawa za moja huififisha nyingine.

Sasa wacha nilalamike kidogo kuhusu themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Injini ikichemka, mafundi wengi hukimbilia kuitoa, eti maji yapite haraka. Joto linashuka kweli, unafurahi, kumbe injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula dizeli na kujisaga. Mimi nilitolewa yangu mara mbili bila kuulizwa. Siku hizi nasimama hapohapo fundi akifunga.

Nilinunua vijikaratasi vya kupimia dawa iliyobaki kwenye kulanti. Unachovya, unalinganisha rangi na ile ya kwenye chupa, basi. Napima kila ninapobadilisha oili.

Kulanti kuukuu usiimwage kwenye mtaro. Ina utamu, na ni sumu: mbwa huilamba, hata mtoto anaweza kuionja. Na rejeta ya moto haifunguliwi, hata dereva akiwa na haraka kiasi gani.

Kila lori langu sasa hubeba mtungi wa lita tano uliochanganywa tayari, na dereva huandika kila anachoongeza. Daftari likionyesha kiwango cha kulanti kinashuka na chini hakuna tone, sianzi na hozi wala pampu. Nachomoa kwanza kijiti cha oili.