Uliza Fundi: Gari ya polisi iliyostaafu, ninunue ama nipite?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu huu, mchana nasoma usiku nafanya kazi ghalani. Kuna mnada wa magari ya serikali nimeona Ford Crown Victoria ya 2009, nyeupe, ilikuwa ya polisi, maili 98,000, bei inaanzia dola 1,500. Jamaa ninaokaa nao wanasema injini za polisi zimefanyiwa kitu, ati inapaa na hakuna gari ya raia itakayoipata. Ni kweli? Na nikiichoka naweza kuituma nyumbani Mombasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huko kupaa maana hapo ndo vijana wengi wanaliwa pesa zao. Hiyo Crown Victoria (si ile Crown ya Toyota unayoijua wewe, usije ukachanganya spea) ina injini ya V8 ya lita 4.6, farasi 250, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa inachukua sekunde 8 na kitu. Sasa nenda kaangalie Camry ya V6 ya mwaka huohuo, ile ya mama wa kanisani, ina farasi 268 na ni nyepesi zaidi, itakuacha kwenye taa na yeye hata hajajua kama mlikuwa mnashindana. Halafu hiyo ya polisi ina gavana (kizuizi cha mwendo) kwenye kompyuta, yenye difu ya uwiano wa 3.27 inakatwa kwenye maili kama 130, yenye difu ya 3.55 inaondoka haraka zaidi lakini inakatwa mapema, kama 120, kwa sababu propela shafti inazunguka mno.

Basi polisi waliipendea nini? Uvumilivu tu. Mwanangu fikiria gari inawashwa asubuhi, inakaa juani masaa mawili injini inanguruma, eyasii iko juu, redio, kompyuta, taa zote zinakula umeme, halafu ghafla ikanyagwe moto dakika kumi, halafu isimame tena, na zamu ikiisha anapanda dereva mwingine. Gari ya kawaida inachemsha hapo. Kwa hiyo Ford waliiwekea kipozeo cha oili ya injini, kipozeo cha oili ya giaboksi, kipozeo cha oili ya stelingi, alteneta kubwa, springi na shokapu ngumu, breki za kazi nzito, egzosi mbili, na ringi za chuma za inchi 17 ambazo hata ukipanda ukingo wa barabara hazilii. Na bodi imekaa juu ya sasi kama pikapu, ikigongwa inanyooshwa inarudi kazini. Hivyo vipoozeo ndo "kitu" zilichofanyiwa, waambie hao jamaa zako.

Sasa maili 98,000. Usiziamini, si kwamba kuna mtu kazirudisha nyuma, ila hazikwambii kazi yote iliyofanyika. Hizi za kuanzia 2006 zina mita ya masaa ya injini palepale kwenye dashibodi, bonyeza kile kitufe cha kubadilisha odomita (mita ya maili) mpaka masaa yatokee. Tuseme umekuta masaa 7,000. Gawa maili kwa masaa unapata maili 14 kwa saa, mwendo wa baiskeli huo, maana yake gari ilikuwa imesimama sana ikiwa imewashwa. Ikiwa mwendo wake wa kawaida ulikuwa maili 30 kwa saa, hizo maili 98,000 zimekula masaa kama 3,300, yaliyobaki 3,700 ni ya kusimama. Na Ford wenyewe wanakadiria saa moja ya kusimama imewashwa ni sawa na kuendesha maili 33. Piga hesabu, 3,700 mara 33 ni maili 122,000 na ushee, jumlisha na zako, injini hiyo umri wake ni maili 220,000. Bado si mbaya, hizi injini nimeziona zikifika 300,000 huku madereva wa teksi wanazitukana kila siku, lakini bei unayotoa iwe ya gari ya 220,000 na si ya 98,000.

Kabla hujanyoosha mkono mnadani angalia namba ya chesisi. Herufi ya tano mpaka ya saba zisomeke P71, hiyo ndo ya polisi (za 2010 na 2011 zinasoma P7B). Namba yenyewe inaanza na 2 kwa sababu zilitengenezwa Kanada, St. Thomas, Ontario, na ya mwisho ilitoka Septemba 2011 wakafunga kiwanda. Wauzaji wa pembeni wanachukua ya kawaida wanaifunga spotilaiti wanakwambia ya polisi, P71 haidanganyi. Kisha lala chini uangalie yale mabamba ya kukinga tangi la mafuta kama yapo, maana tangi liko nyuma ya ekseli na kulikuwa na ajali za kugongwa kwa nyuma zikawaka moto. Fungua buti, fuata nyaya. Wakati wanang'oa redio na ving'ora hawana muda, wanakata tu waya unabaki unaning'inia, ndo betri inakufa usiku na wewe unanunua betri ya tatu hujui tatizo. Matundu ya antena juu ya paa nayo yaangalie, mvua ikinyesha maji yanaingia. Mafuta inakunywa, mjini hesabu kilomita 7 kwa lita ukijitahidi.

Mombasa sahau. Kenya gari ikizidi miaka minane haiingii, na stelingi ya kushoto hairuhusiwi. Hiyo ina makosa yote mawili. Iuze hukohuko.

SWALI: Fundi habari. Mume wangu kanunua gari ya zamani ya polisi hapa Minneapolis, watoto wakikaa nyuma hawawezi kufungua mlango wala dirisha. Yeye anasema ndo usalama, mimi naona jela. Nani mkweli?

JIBU: Dada, wewe. Kufuli ya watoto unaizima mwenyewe, hii wamechomoa kabisa kile kinachounganisha kishikio cha ndani na kitasa ili aliyekamatwa asitoke. Gari ikigongwa au ikiwaka watoto watasubiri mtu wa nje awafungulie. Fundi yeyote anatoa kadi ya mlango (lile bamba la ndani) anarudisha, spea zipo tele kwenye makaburi ya magari. Kiti cha plastiki kama bado kipo kitoeni, weka cha kawaida chenye mikanda inayofaa kiti cha mtoto. Na lingine mzee hajakwambia, labda hajui: idara nyingi ziliagiza magari yao yote yafunguliwe na ufunguo wa aina moja, ili askari yeyote apande gari yoyote. Funguo hizo zimezagaa mpaka leo. Badilisheni vitasa na swichi ya kuwashia.

SWALI: Naeza kubakisha taa za bluu na maandishi ya polisi kwenye gari? Nitakuwa nawasha kwenye harusi tu.

JIBU: Kwenye harusi utawasha, kutoka utatoka na pingu. Kujifanya polisi ni kosa la jinai majimbo yote, na California wanataka hata ile rangi nyeusi na nyeupe ipakwe upya gari ikiuzwa. Spotilaiti ya pembeni sehemu nyingi haina shida, baki nayo, inasaidia ukidondosha ufunguo gizani.