Punda Akisimama Njiani, Msome Masikio

Msomaji wa Chamwino ameniandikia kwamba punda wake wa maji amekuwa mbishi: akifika korongoni anasimama, na fimbo haimsogezi. Ndugu yangu, weka fimbo chini. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama apime. Ukimpiga hapo, umemhakikishia kuwa korongo lina hatari.

Tazama masikio. Yakielekea mbele yote mawili, kuna kitu amekiona. Nawe tazama huko huko. Yakilala nyuma yakabana shingo, toka nyuma yake upesi, teke linakuja. Yakilegea pembeni, hapa ndipo wengi hukosea. Mchana kivulini, amesinzia tu. Asubuhi mbele ya pumba, huyo ni mgonjwa. Punda huficha maumivu mno, hata hutafuna asimeze, kwa hiyo usiridhike na taya linalocheza. Angalia kama pumba zinapungua. Akisusa chakula, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Punda asiyekula, mafuta ya mwili hujaa kwenye damu, na hayo yanaweza kumuua hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo.

Kupumzisha mguu wa nyuma ni kawaida. Akiutanguliza wa mbele bila kuukanyagia, anaumwa: uinue, kwangua ukwato, tafuta mwiba au kijiwe.

Mkia ukichapa wakati unafunga mzigo na nzi hakuna, papasa mgongo. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Punda wetu wengi wana kama kilo 130 hadi 150, basi madumu mawili yanatosha. Manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake, na tunaita huo ubishi! Tandika magunia mawili yenye nyasi, moja kila upande, katikati uache nafasi ili uti wa mgongo usiguswe.

Umeandika pia, kama jambo la kupita, kwamba mwenzake ulimuuza mwezi uliopita. Mimi ningeanzia hapo. Punda hushikamana wawili wawili, hukwaruzana shingo kwa meno, na mmoja hapiti asipopita mwenzake. Azima punda wa jirani aliyezoea korongo, atangulie. Wako aende bila mzigo, kamba ilegee, wewe ukae usawa wa bega lake, si mbele ukimvuta. Mwache anuse mchanga. Akiinamisha kichwa na kupumua kwa nguvu puani, usimharakishe, anakaribia kuvuka.