Kubadili kontroboksi ya ABS ya Passat B5 nyumbani

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadili mwenyewe kontroboksi (boksi la kompyuta) ya ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga, ya Passat B5, taa ya ABS ikiwa inawaka na mashine ya kupimia gari inasoma kodi 01276, yaani namba ya hitilafu. Inawezekana, ila pima kwanza. Kodi hiyo inahusu pampu ya ABS. Mara nyingi boksi ndilo limekufa ndani, lakini fyuzi iliyoungua au waya wa ethi (unaoungana na bodi ya gari) ulioliwa na kutu huleta kodi hiyohiyo. Hakikisha umeme unafika kwenye soketi kabla hujatoa hela.

Boksi limefungwa kwa skrubu za nyota kwenye bloku ya chuma yenye paipu za breki, na linatoka peke yake. Hizo paipu usiziguse kabisa! Upepo ukiingia ndani ya bloku, kuutoa mara nyingi kunahitaji mashine ya kuendesha pampu. Chomoa betri, toa soketi kubwa na ile ya mota, safisha vumbi, kisha vuta boksi likiwa limenyooka. Kuna vichwa vya valvu vimeingia kwenye koili zake. Ukichokonoa kwa bisibisi utavipinda. Skrubu za chini zina nafasi finyu, tafuta biti fupi.

Ukinunua la mtumba, namba zifanane mpaka herufi ya mwisho, na litahitaji kufanyiwa kodingi, yaani kuwekewa mipangilio ya gari lako kwa mashine. Mimi ningepeleka hilohilo la kwako kwa fundi wa elektroniki alifungue alitengeneze, maana kodingi yake inabaki.

Kwa sasa breki za kawaida zinashika, ila kwenye lami yenye maji tairi zinaweza kujifunga. Endesha taratibu.