Video inagoma kuingia kwenye flashi

SWALI: Mambo vp kaka, nimevuta laptop mpya Kariakoo, ya zamani bado inawaka ila inajizimazima, ndani kuna picha, mahesabu ya duka na video ya harusi ya GB 6. Nikiikopi kwenye flashi inakataa eti faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na haina kitu!! Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Poa dada, hongera kwa mashine. Flashi yako haina shida, bila shaka imeformatiwa FAT32, yaani mfumo wa zamani wa kupanga mafaili ndani ya flashi, na hiyo haipokei faili moja la kufika GB 4 hata nafasi iwe kibao. Iformati upya uchague exFAT, mfumo mwingine unaopokea mafaili makubwa, ila ujue vilivyomo vyote vitafutika.

Sasa kwa vile mashine inajizima usianze na hiyo video bwana, anza na mahesabu. Ingia diski C, kisha Users, kisha folda lenye jina lako, utakuta Documents, Pictures, Desktop na Downloads, na hizo mbili za mwisho ndo watu wanazisahau wakati mambo yao yote wameyamwaga huko. Kopi, usifanye cut. Programu kama Office achana nazo, hazihami kwa kukopi, unainstall upya.

Ikizima jumla usilie, mwambie fundi atoe hard disk, kile kifaa cha ndani kinachotunza mafaili, aiweke kwenye kava la USB, mara nyingi inasomeka kama flashi tu, labda iwe yenyewe ndo imekufa. Na ya zamani usiiuze kabla hujayafungua hayo mahesabu kwenye mpya ukayaona.