Ukidaiwa Dodoma, nunua mahindi kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Manyoni aliniandikia ujumbe mrefu saa nane usiku. Ni mtumishi wa umma kama mimi. Ana mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu kwenye mshahara, marejesho ya kikoba, mikopo ya kwenye simu ambayo hata idadi yake imempotea, na daftari la madeni la Mangi, mwenye duka wa jirani. Mshahara unaingia tarehe ishirini na kitu, mwezi mpya unamkuta anaazima nauli. Mume hajui. Anauliza, "Dada, nianze na lipi?"

Nimemjibu pembeni, lakini najua walio kama yeye ni wengi na wanasoma hapa kimya kimya, kwa hiyo jibu naliweka wazi. Na siongei ya kusimuliwa. Mwezi uliopita nimekabidhiwa barua ya kumaliza deni langu la mwisho. Nimeiwekea plastiki na kuihifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Atakayesema najivuna yuko sahihi, najivuna.

Madeni yangu yalianzia kwenye nyumba. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, sisi tulikuwa wapangaji Nkuhungu. Waliokuwepo wanakumbuka. Watumishi wakaanza kushuka kutoka Dar es Salaam, na wenye nyumba wakagundua ghafla kwamba vyumba vyao vina thamani. Aliyekuwa anapokea kodi ya miezi mitatu akaanza kudai ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kila mtu mjini akawa dalali. Mimi na mume wangu tukaona kuliko kumlipa mtu mwaka mzima, tujenge. Nikachukua mkopo wa mshahara, tukapata kiwanja Nzuguni kabla bei hazijapaa, mume wangu ambaye ni fundi ujenzi akapandisha boma kwa mikono yake, tukaezeka, tukahamia bila dari na bila madirisha ya upande mmoja. Deni hilo silijutii hata kidogo. Lililoniumiza lilikuja baadaye.

Kwenye kikoba chetu nilimdhamini mwenzangu wa kazini. Nilipofiwa na baba alikaa na mimi matanga yote, angeomba nini nimkatalie? Akachukua fedha, akaomba uhamisho, akaenda. Simu yake ikawa inaita tu. Kikoba kina taratibu zake: mkopaji akikimbia, hisa za mdhamini zinakatwa. Zangu zikakatwa, na pungufu nikaambiwa nilipe. Siku hizi tukikutana misibani ananisalimia kwa kicheko kikubwa, "Mama, umependeza!" Namwitikia vizuri. Kusamehe bado, na mchungaji wangu nimeshamwambia asiniharakishe.

Kisha ikaja Januari, mtoto wetu wa kwanza kapangiwa shule ya bweni. Ada haipo, sawa, lakini godoro, trunka, sare, madaftari, ndoo, nauli, hivyo vyote nani analipa? Hapo ndipo nikaingia kwa watu wa kausha damu. Ambaye hajawahi kufika huko asimcheke aliyefika. Unaacha kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukitoka, mwenye fedha zake ndiye anayewahi kwenye mashine, anachukua chake, halafu anakuambia kilichobaki. Mimi, mtu mzima, mama wa watoto wanne, nimesimama nje ya mashine ya kutolea fedha na mwavuli nikimsubiri kijana mdogo atoke aniambie mshahara wangu ni kiasi gani. Riba ilikuwa elfu thelathini kwa kila laki, kila mwezi. Wakopeshaji wadogo wenye leseni Benki Kuu imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani elfu tatu na mia tano kwa laki hiyo hiyo. Pima mwenyewe.

Kwa hiyo dada wa Manyoni, kama kuna mtu ameshika kadi yako, anza na huyo. Ukiuliza lipi la pili, nitakujibu bado huyo. Hata kama deni lake ndilo dogo, hata kama wa kikoba ndio wanaokupigia kelele zaidi. Kadi ni ya benki na namba ya siri ni yako peke yako. Nenda ukabadilishe namba, toa taarifa ikibidi, kisha kaa na huyo mtu mkiwa na karatasi mpange atalipwa vipi. Atatukana. Mimi nilitukanwa mpaka majirani wakajua jina langu la ubatizo. Lakini mtu anayetia mkono kwenye mshahara wako kabla yako hakuachii bajeti ya kupanga.

Wa pili ni mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Zile zinazotuma ujumbe kwa mkweo na kwa mkuu wako wa kazi ukichelewa siku moja. Angalia kama uliyonayo imo. Na hata kama haimo, usikope ya leo kulipa ya jana. Narudia: usikope ya leo kulipa ya jana.

Benki ya mshahara iache mwisho, inajikata yenyewe. Ila wakikupigia kukuambia "mteja wetu mpendwa, una nafasi ya kuongezewa", kata simu. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato, na wengi wetu tunajipa moyo kwamba hiyo theluthi inatulinda. Inalinda yale yanayopita kwenye hati ya mshahara tu: benki, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu kama ulisoma kwa fedha yao, wanaokata asilimia 15 ya mshahara, mfuko wa pensheni, bima. Kikoba, simu, Mangi na kausha damu hawaonekani pale. Wote wanakuja kuila hiyo theluthi.

Miaka iliyofuata nairuka. Ilikuwa kulipa tu, hakuna hadithi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa, ambalo nikilisema watu hunishangaa. Wataalamu wa mitandaoni watakuambia ugawe mshahara kwa asilimia, hii ya chakula, hii ya deni, hii ya akiba, kila mwezi vile vile. Huku kwetu miezi hailingani. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, tena ikipenda. Mavuno yanatoka Mei mpaka Julai, mahindi yanashuka bei. Kufika Januari na Februari ghala za watu zimekwisha, bei imepaa, na hiyo ndiyo miezi ya shule kufunguliwa, na ndiyo miezi ambayo fundi ujenzi anakaa nyumbani kwa sababu ya mvua. Mimi nilikuwa nalipa madeni vizuri sana Juni na Julai, najipongeza, halafu Februari nanunua sembe ya kupima kwa Mangi, naishiwa, narudi kukopa. Deni lile lile lilikuwa linanizunguka kila mwaka kwa sababu ya unga.

Nilipokaa na daftari nikaliona hilo, nikabadilisha. Julai nikawa silipi deni zaidi ya lile la lazima. Nyongeza yoyote, iwe ya posho, iwe ya kazi za mume wangu za kiangazi, inakwenda Kibaigwa. Soko lile la nafaka liko barabara kuu ya Morogoro, wilaya ya Kongwa, na mtu wa Dodoma mjini anayenunua unga wa kilo kilo mwaka mzima wakati Kibaigwa iko hapo, mimi simwelewi. Mwaka 2022 gunia nililipa chini ya elfu themanini. Februari 2023 jirani yangu alikuwa ananunua kilo ya sembe karibu elfu mbili, anakuja kukaa kibarazani kwangu kulalamikia serikali huku mimi natoka kusaga dona. Gunia sita zinatutosha watu sita, kwa kuwa mchana wakubwa hatuli nyumbani. Na dumu la lita ishirini la mafuta ya alizeti hapo hapo, kutoka mashineni, siyo ya chupa.

Usinunue tu ukarundika chumbani. Dumuzi watakula mtaji wako wote na kukuachia vumbi. Tumia ile mifuko ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje; mahindi yakauke kwanza sawasawa, ukandamize hewa itoke, ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Bei ya mfuko isikutishe, unautumia tena mwaka unaofuata kama haujatoboka.

Changanya na mtama na uwele pia. Wanangu walinuna mwanzoni, wanasema ugali mweusi wanaaibika wageni wakija. Mama yangu, Mgogo wa Mpwapwa, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kwa mlenda na ugali wa uwele ndivyo alivyotukuza sisi, na hakuna aliyewahi kumdai.

Kuna lingine ambalo litanitoa kwenye mioyo ya baadhi yenu. Michango. Nilikuwa kwenye makundi ya harusi, sendoff, kipaimara, ubarikio, mpaka simu inakuwa ya moto. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki, na vitenge vya sare juu. Kwa mwaka mmoja nilihesabu kwenye jumbe za simu nikakuta nimewaoza watu nisiowajua kwa fedha inayotosha gunia zangu zote sita. Nikatoka. Kwa ndugu wa damu natoa ninachoweza na ninaenda kuosha vyombo. Misiba sijawahi kukosa. Wifi yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba nimekuwa bahili tangu nijenge. Maneno hayo nimeyahifadhi. Sherehe ya mwanawe ilipokwisha alikuja usiku kuniazima fedha ya kulipa ukumbi, nikamkaribisha chai na dona la asubuhi, fedha sikumpa. Wanawake wenzangu, tujifunze kusema sina. Mnaogopa nini? Anayekusema leo kesho hatakusaidia marejesho. Sema sina, na useme bila kueleza.

Na mume aambiwe. Najua mtaniambia simjui wa kwako. Lakini bajeti ya siri ndani ya nyumba ya watu wawili haifanyi kazi. Wewe unabana sukari huku mwenzio anaahidi kuchangia bendi. Wangu nilimwambia kila deni, jina kwa jina, akanyamaza siku mbili, ya tatu akaja na daftari lake akanionyesha na ya kwake. Hayo sitayaandika hapa.

Wale mlioniuliza kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: ni kweli haina riba, ni kweli imerudi baada ya kusimama, lakini ni ya vikundi na ni ya kufanyia biashara. Ukienda kuchukua ili ulipie kausha damu umewaingiza wenzako wa kikundi matatani. Msimfanyie mtu hayo, mimi yamenikuta.

Julai hii tunakwenda tena Kibaigwa, akina mama kadhaa wa Nzuguni na Ilazo, tunachangia gari moja ili gharama ya mzigo igawanyike kwa gunia. Nafasi zipo. Anayetaka aandike idadi ya gunia zake mapema, aje na mifuko yake na fedha yake mkononi asubuhi ya safari. Wa "nilipie, nitakurudishia jioni" tafadhali asijisumbue kuamka.