Mifupa ya samaki: usikimbilie tanuri

Umeuliza kama mifupa inayobaki baada ya kuondoa minofu inaweza kuchomwa ikawa unga wa kujazia mifupa na meno ya binadamu. Inawezekana, nayo ndiyo kazi yangu maabara. Ila kabla hujawasha tanuri, amua unataka nini. Moto ukishapita, kolajeni yote imekwenda.

Maana mfupa ni vitu viwili vilivyoshikamana: madini ya kalsiamu na fosfati yaitwayo haidroksiapataiti, na hiyo kolajeni, protini inayoufanya upinde kidogo kabla ya kuvunjika.

Ukitaka madini tu, chemsha, bandua nyama yote, osha kwa soda kaustiki hafifu (vaa glavu), suuza sana, kausha, ndipo uchome. Mimi huchoma kati ya nyuzi 700 na 900 za sentigredi, kwa saa kadhaa. Weupe wa nje usikudanganye. Chukua pingili ya uti wa mgongo uivunje katikati: ikiwa na kijivu ndani, kaboni bado imo, irudishe. Ikiwa nyeupe mpaka kiini na inasagika kidoleni, imeiva. Kuzidisha moto nako kuna gharama yake, kwani chembe hunenepa na kugandana, na sehemu ya madini inaweza kugeuka trikalsiamu fosfati, ambayo huyeyuka mwilini upesi zaidi. Wapo wanaoitaka hivyo makusudi.

Mimi hupenda kuanza na kolajeni. Hapo kazi yote ni ya baridi, nyuzi 4 hivi, kwa sababu kolajeni ya samaki, hasa wa maji baridi, huharibika kwenye joto ambalo ya ng'ombe hulistahimili. Asidi hafifu huyatoa madini, na mfupa unabaki laini, unapinda kama mpira. Watu wengi huyamwaga yale maji ya asidi, jambo linaloniuma kweli! Kalsiamu na fosfati zimo humo. Ongeza alkali taratibu hadi pH (kipimo cha asidi na alkali) ifike karibu 10, zitatuama chini. Kisha pima uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi. Haidroksiapataiti safi ni 1.67.

Kuuingiza unga huu mwilini ni habari nyingine: lazima upimwe risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki, utakaswe vijidudu, ufikie viwango vya kimataifa kama ISO 13779, cha haidroksiapataiti ya kupandikizwa mwilini. Kama huna pa kuupimia, usiuweke kwenye jino wala kidonda cha mtu. Upeleke shambani, kwenye udongo wenye asidi fosfati hiyo huyeyuka polepole na mizizi huipata.