Namba Moja ya PSA Haitoshi

Karatasi niliyokabidhiwa kwenye dirisha la maabara ilikuwa na mstari mmoja tu uliokolezwa wino: PSA 7.8, na pembeni yake herufi H. Mhudumu aliigusa kwa ncha ya kalamu, akasema, "Mzee, hii iko juu, muone daktari," kisha akamwita anayefuata. Nilikuwa na umri wa miaka 61, na kwa siku 4 sikumwambia hata mama watoto. Usiku nilikuwa nikigawa mashamba kichwani.

Laiti ningalijua wakati ule kwamba PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yoyote, iwe nzima au yenye saratani, ili kuyeyusha manii yaliyoganda, na kwamba kiasi kidogo chake huvujia kwenye damu. Saratani huzidisha uvujaji huo, lakini vivyo hivyo hufanya tezi iliyotanuka kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, hata mwendo mrefu wa baiskeli au tendo la ndoa siku moja au mbili kabla ya kutolewa damu.

Daktari bingwa, binti wa rika la kitinda mimba wangu, hakuanza na karatasi. "Shikamoo mzee. Hivi karibuni ulipata homa, au mkojo kuunguza?" Nilikuwa nimemaliza dozi ya UTI wiki iliyotangulia, na pale nilipopimwa hakuna aliyeniuliza. Alinipima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wanaume wa umri wangu hulikwepa kwa visingizio vya kila namna ilhali halimalizi dakika moja, akaniagiza nirudie damu baada ya wiki 6. Kipimo cha pili kilisoma 3.4.

Sikushangilia sana, kwa sababu mpaka wa nanogramu 4 kwa mililita uliozoeleka si ukuta: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta saratani kwa takriban asilimia 15 ya wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4. Ndiyo maana napima kila mwaka, maabara ileile, na majibu yote nayaandika katika daftari moja. Kama namba ingebaki kati ya 4 na 10, ningeomba kipimo cha PSA huru, yaani ile isiyoshikamana na protini nyingine za damu. Ikiwa chini ya asilimia 10 ya PSA yote shaka huongezeka, na ikizidi 25 hupungua. Ningeuliza pia kuhusu picha ya MRI kabla ya kukubali kutolewa kipande kidogo cha tezi kwa sindano ili kipimwe, kwani sindano ile inaweza kuleta damu na maambukizi. Mwenye baba au kaka aliyeugua saratani ya tezi dume asingoje miaka 50. Azungumze na daktari mapema, tangu miaka 40 au 45.

Jirani yangu aliposikia habari hizi alinionyesha majibu yake kwa furaha: 3.0. Nikamuuliza anatumia dawa gani. Kumbe kwa mwaka mzima amekuwa akimeza finasteridi kwa ajili ya tezi iliyotanuka, dawa ambayo hupunguza PSA kwa kiasi cha nusu, hivyo 3.0 yake inapaswa kusomwa kama 6. Daktari hakujua, kwa kuwa vidonge alikuwa akijinunulia duka la dawa. Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja, pakiti ikiwa mfukoni mwake.